Kabla ya kumwita mtu 'mlemavu feki', uliza ni nani aliyepiga muhuri

Kuna stori moja ambayo ukimaliza wiki nzima Gusii bila kuisikia, basi hukutoka nje ya nyumba. Iko kwenye matatu za Kisii kwenda Nyamira, iko kwa kinyozi pale Keroka, iko kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo. Huanza hivi: "Unamjua yule mwalimu? Eti ana kadi ya ulemavu. Ulemavu gani, na Jumapili nilimwona akicheza mpira?" Mwingine anadakia: "Na yule mama wa kule juu anayekula pesa za Inua Jamii? Kijana wake nimemwona akitembea kabisa!" Watu wanacheka, wanatikisa vichwa, mzee mmoja anasema lisemwalo lipo. Kesi imeisha. Hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna cheti kilichosomwa, na mshtakiwa hakuwepo.

Si Gusii pekee. Stori hiyo iko Kakamega, iko Murang'a, iko Nairobi. Na sisemi kwamba kila anayeisimulia anadanganya. Wizi wa pesa za watu wenye ulemavu upo, na maafisa wa serikali wenyewe wamewahi kulalamika hadharani kuhusu watu wazima wenye afya wanaojipatia kadi ili wasilipe ushuru. Ninachosema ni kwamba sisi vijana tumezoea kumtafuta mwizi kwa macho, na macho yanatupeleka kwa mtu asiye na kosa huku mwizi mwenyewe akinywa chai ofisini.

Pesa mbili, watu wawili tofauti

Tuanze na pesa zenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi huchanganya mambo.

Ya kwanza ni ya Inua Jamii. Mwaka wa 2011 serikali ilianzisha mpango wa kutuma pesa kwa familia zinazoishi na mtu mwenye ulemavu mkali. Kiasi ni Sh2,000 kwa mwezi, na kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga, sukari na nauli ikipanda bila kuomba ruhusa. Mara nyingi hata hizo Sh2,000 huchelewa, zikaja za miezi miwili au zaidi kwa pamoja. Na hazipewi kila mtu mwenye ulemavu. Sharti ni kwamba mhusika awe anahitaji kutunzwa na mtu mwingine saa zote, na familia yenyewe iwe maskini hohehahe.

Kwa miaka mingi orodha ya mpango huo nchini kote ilikuwa na familia chini ya 50,000. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu Kenya. Piga hesabu ya haraka: hata mmoja kati ya 18 hakufikiwa. Kwa hivyo ukiniuliza kashfa kubwa ya Inua Jamii ni ipi, nitakujibu kwamba ni wale wanaostahili ambao hawajawahi kuona hata senti.

Pesa ya pili haitumwi kwa simu, na ndiyo maana haionekani. Ni msamaha wa ushuru. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka wa 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na NCPWD, yaani Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha akapewa cheti na KRA, hatozwi ushuru wa mapato kwa Sh150,000 za kwanza anazopata kwa mwezi. Kuna pia msamaha wa ushuru kwa anayeingiza nchini gari lililotengenezwa kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu.

Msamaha huo una sababu nzuri. Kuishi na ulemavu ni ghali. Kifaa cha kusikia, mguu wa bandia, teksi pale matatu inapokataa kumbeba mtu na kiti chake cha magurudumu, mtu wa kumsindikiza, dawa za kila siku: yote hayo hutoka mfukoni mwake, na wewe na mimi hatuyalipii.

Lakini sasa fikiria kama tapeli. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh60,000 hukatwa zaidi ya Sh8,000 za ushuru wa mapato kila mwezi. Akipata cheti cha msamaha, pesa hizo zinabaki kwake. Kwa mwaka ni karibu laki moja, na mshahara ukiwa mkubwa zaidi, faida nayo inapanda. Upande wa pili kuna Sh2,000 za Inua Jamii, ambazo ili uzipate lazima jina lako lipite kwa kamati, kwa chifu, na mbele ya majirani wanaojua mpaka idadi ya kuku wako. Tapeli mwenye akili angechagua gani?

Jibu unalo. Dili yenye pesa iko kwa mwenye hati ya mshahara, mwenye kujua ofisi, mwenye rafiki hospitalini. Mama wa Ekerenyo aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo hana njia hiyo. Lakini hebu niambie: kati ya hao wawili, ni nani anayeulizwa maswali sokoni?

Muhuri haujipigi wenyewe

Ukitaka kadi ya ulemavu, hujiandikii barua. Unaenda hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, unapimwa na wahudumu wa afya, fomu inajazwa, inatiwa sahihi na muhuri, ndipo inaingia katika mfumo wa usajili. Ukitaka msamaha wa ushuru, stakabadhi hizo zinapita tena KRA. Maana yake ni rahisi: asiye na ulemavu akiwa na kadi halali, kuna mtu mwenye elimu na cheo aliyeandika uongo. Na kama kadi yenyewe ni ya kughushi, kuna mtu aliyeichapisha na mwingine aliyeipokea bila kuihakiki.

Hali ni hiyo hiyo kwenye Inua Jamii. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kugusia malipo yanayoendelea kwa majina ya watu waliokufa. Marehemu hajiandikishi. Jina lake linabaki kwa sababu kuna aliyepaswa kuliondoa na hakuliondoa, na pesa zinatolewa na mtu aliye hai.

Kuna kisa kimoja cha mbali kinachoeleza jambo hili vizuri. Mwaka wa 2012 dunia iligundua kwamba katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, chenye watu wapatao 39,000, karibu watu 700 walikuwa wakilipwa ruzuku ya upofu. Kiwango hicho kilikuwa mara nyingi zaidi ya kile cha kawaida barani Ulaya. Miongoni mwa "vipofu" hao kulikuwa na dereva wa teksi na mwindaji wa ndege. Kichekesho, sivyo? Lakini wachunguzi walipofuata karatasi, njia iliwapeleka kwa daktari wa macho wa hospitali ya umma na kwa mkuu wa utawala wa eneo hilo, ambao sahihi zao ndizo zilizofungua mfereji. Meya aliyefichua mambo hayo alirushiwa maziwa ya mgando na wakazi wenye hasira. Kumwona dereva wa teksi hakukuhitaji ujasiri wowote. Ujasiri ulihitajika kufuata sahihi.

Hata kwa ombaomba wa barabarani mambo ni hayo hayo. Umeona klipu za TikTok za mtu anayeomba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha anasimama na kuondoka, na maoni elfu moja chini yake yanasema "hawa wote ni wakora". Mwaka wa 2022 kipindi cha BBC Africa Eye kilifuatilia watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kuletwa Nairobi kuombeshwa. Ulemavu wa watoto wale ulikuwa wa kweli kabisa. Walioila pesa ni watu wazima wenye miguu mizima waliokuwa wakiwakusanya jioni. Aliyepita akasema "mlemavu feki" alikosea mtu, na aliyetupa sarafu hakujua inaingia mfuko wa nani.

Macho yako si hospitali

Rudi kwa yule mwalimu wa mpira. Unajua nini kumhusu? Huenda hasikii kwa masikio yote mawili na amejifunza kusoma midomo. Huenda jicho lake moja halioni na la pili linafifia. Huenda ana kifafa na hajawahi kuanguka mbele yako. Huenda chini ya suruali ile kuna mguu wa bandia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia mtu kupiga mpira Jumapili.

Kama bado unaamini kwamba anayekimbia hawezi kuwa na ulemavu, kumbuka Henry Wanyoike. Haoni. Mwaka wa 2000 kule Sydney alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, na hata leo sidhani kama kuna mtu kwenye grupu yenu ya WhatsApp anayeweza kumfikia.

Na yule kijana anayetembea? Mtoto mwenye ulemavu mkali wa akili anaweza kutembea vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipo: anatembea mpaka barabarani, anatembea mpaka mtoni, na mama yake hawezi kwenda kuchuma majani chai kwa sababu hana wa kumwachia. Wengine hali yao hubadilika. Asubuhi anasimama, jioni anabebwa. Baadhi ya wanaotumia viti vya magurudumu wanaweza kupiga hatua chache, kwa hivyo kusimama si muujiza wala si utapeli. Halafu kuna magonjwa ya akili, ambayo hayana gongo wala miwani myeusi ya kukuonyesha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tatizo ni kwamba vichwani mwetu tuna picha moja tu ya ulemavu: mtu aliyeketi chini, mnyonge, anayeshukuru. Akivaa nguo safi, tunashuku. Akiwa na simu nzuri, tunashuku. Akicheka kwa nguvu sherehe ya harusi, tunashuku zaidi. Tunataka ulemavu wake uonekane mpaka tutosheke sisi, kana kwamba tumetumwa na wizara.

Shaka yetu ni kubwa kuliko wizi wenyewe

Uingereza inalipa ruzuku kwa watu wenye ulemavu kwa miaka mingi na inapima udanganyifu mara kwa mara. Mwaka wa 2013 utafiti wa Ipsos MORI uliwauliza raia wa huko: katika kila pauni 100 za ruzuku zote za serikali, unadhani ni ngapi zinachukuliwa kwa udanganyifu? Wastani wa majibu ulikuwa pauni 24. Makadirio rasmi wakati huo yalikuwa senti 70. Soma tena: 24, na kumbe haikufika hata pauni moja. Katika miaka hiyo magazeti ya huko yalijaa picha za "mgonjwa" aliyenaswa akicheza gofu, na mashirika ya watu wenye ulemavu yakalalamika kwamba wanachama wao wanatukanwa barabarani na watu wasiowajua.

Sisi je? Kama Kenya ingekuwa imejaa walemavu bandia, basi idadi yetu ingekuwa juu kupindukia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 16 ya watu duniani wanaishi na ulemavu wa kiwango fulani. Sensa yetu ya 2019 ilipata asilimia 2.2 pekee miongoni mwa watu wa miaka mitano na zaidi. Vipimo viwili hivyo si sawa, kwa hivyo usivilinganishe kama matokeo ya mtihani. Lakini pengo hilo halinong'onezi kwamba watu wanakimbilia kujiita walemavu. Linaonyesha upande wa pili: wapo wengi ambao hawahesabiwi, na wengine wanafichwa. Na familia inayojua kwamba jina likiingia kwenye orodha ya chifu litaanza kujadiliwa sokoni, ina sababu moja zaidi ya kuendelea kuficha.

Bei ya maneno

Kama kuna watu wanaopaswa kujua bei ya tuhuma isiyo na ushahidi, ni sisi wa Gusii. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kinyama na umati kwa madai kwamba walikuwa wachawi. Silinganishi uzito wa mambo hayo mawili. Kumsengenya mtu kuhusu kadi si kumuua. Ninalinganisha mwendo wake: mmoja anasema, wa pili anaongeza chumvi, wa tatu anakumbuka kitu "alichoona", na hakuna anayethubutu kuuliza "una uhakika?" kwa sababu atakayeuliza ataonekana anamtetea mkosaji.

Kwenye mambo ya ulemavu bei hiyo hulipwa polepole. Hulipwa na msichana wa chuo mwenye kifafa anayekataa kuchukua kadi yake kwa kuogopa jina la utani. Hulipwa na baba anayeacha kumpeleka mtoto kliniki mchana, anasubiri giza. Hulipwa na mfanyakazi kiziwi ambaye kila akipandishwa cheo anasikia, au tuseme anasoma kwenye midomo, kwamba amepewa kwa huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hakikuweka sharti kwamba kwanza awaridhishe majirani.

"Lakini ni ushuru wetu!"

Najua utaniuliza hivyo, na ni swali zuri. Kizazi kilichoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha hakiwezi kuambiwa kinyamaze kuhusu ushuru. Mtu asiye na ulemavu anayekwepa ushuru kwa cheti cha uongo anaiba mara mbili. Anaiba kutoka hazina, na anaiba jina jema la kila mwenye kadi ya haki. Kila anaponaswa mmoja, serikali hutangaza ukaguzi mpya, na wanaorudishwa kwenye foleni kupimwa upya ni wale wale ambao mguu wao uliokatwa mwaka wa 2009 haujaota tena.

Kwa hivyo uliza. Lakini uliza penye majibu. Uliza hospitali ni ngapi za kaunti hizi mbili zinazopima ulemavu, na nani hukagua fomu zilizotiwa sahihi na mpimaji mmoja mara nyingi kupita kiasi. Uliza kwenye baraza la chifu orodha ya Inua Jamii ilihakikiwa lini mara ya mwisho, na majina ya waliofariki yaliondolewa lini. Uliza kama kwenye orodha hiyo kuna jamaa za wanaoiandika. Mwakilishi wako wa wadi analipwa kukujibu, na unamjua zaidi ya unavyomjua yule mama wa kule juu.

Kama una ushahidi halisi, si hisia, EACC ina ofisi mjini Kisii, na kughushi stakabadhi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Peleka karatasi, tarehe, ofisi. Usipeleke klipu ya mtu akivuka barabara. Ukimwanika mtandaoni halafu ikawa kweli ana ulemavu, hakuna "samahani" itakayowafikia wote waliomcheka.

Na kuna kazi nyingine ambayo haina likes lakini ina faida. Wewe unasoma hii kwa simu, unajua kutumia eCitizen, unajua njia ya Huduma Centre. Ushago kwenu, au nyumba ya tatu kutoka kwenu mtaani, kuna mtu ambaye hajawahi kusajiliwa. Pengine ni shangazi aliyepooza mkono baada ya kiharusi, pengine ni mtoto wa jirani asiyeongea. Hawajui fomu iko wapi, wanaogopa maswali ya hospitali, na wameshasikia mnavyowasema waliosajiliwa. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa sahihi Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003, lakini sheria haipandi boda kwenda kumchukua mtu kijijini.

Siku ya mapumziko ukienda nyumbani, kabla ya chinsaga kuiva, uliza ni nani pale hajapimwa. Mpeleke wewe. Shika foleni naye. Ukishaona idadi ya milango ambayo mtu wa haki hugonga ili apate Sh2,000, stori ya kwenye matatu itakukera kidogo, na pengine wewe ndiye utakayeuliza kwa sauti: "Una uhakika?"